Tusiyavike Maneno Kilemba cha Ukoka

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu waandishi na wafasiri, hamjambo?

Nilipoambiwa nije kuzungumzia herufi kubwa katika maandishi ya Kiingereza nilicheka kidogo. Saa nzima juu ya herufi? Kisha nikakumbuka barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi. Niliiandika usiku, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na katikati yake mlikuwa na sentensi hii: "i am an Honest and Hardworking Person." Uaminifu nimeupa herufi kubwa. Bidii nimeipa. Hata utu nimeupa. Mwenye sifa zote hizo nimemwacha na "i" ndogo, amekaa mlangoni kama mtu asiye na hakika kama amealikwa. Kazi sikuipata, na sababu zinaweza kuwa nyingi. Lakini nilipoingia kwenye uhariri nikakuta kosa lile lile mezani kwangu kila siku, kwenye ripoti, mikataba na tasnifu, hata kwenye barua za watu waliosoma kuniliko.

Wala halitokani na uvivu. Linatokana na adabu. Mtu anafika kwenye neno zito, "Government", "Development", "Education", anaona haya kuliacha dogo, basi analinyanyua. Kiswahili kina msemo kwa mtu anayesifiwa asivyostahili: amevikwa kilemba cha ukoka. Kwa mbali ni kilemba, ukisogea ni majani. Herufi kubwa ya Kiingereza ikitumika kutoa heshima huwa kilemba cha namna hiyo. Kazi yake ni kutuambia kwamba neno hili ni jina la kitu kimoja mahususi, kwamba halitaji aina ya vitu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kalamu ikiwa bado hewani ni moja: nimetaja jina, au nimetaja aina? Nitawaonyesha linavyofanya kazi, na pale linapokwama nitasema, maana linakwama.

Tumalize kwanza yale mepesi. Sentensi huanza kwa herufi kubwa, hilo halina mjadala. Maneno ya mtu yakinukuliwa kama sentensi nzima huanza nayo pia: She said, "Come at noon." Ukinyofoa kipande tu ukakiingiza ndani ya sentensi yako, kubwa huondoka: She told us to "come at noon." Baada ya nuktapacha, Waingereza huendelea na herufi ndogo, na Wamarekani wengi huweka kubwa kama kinachofuata ni sentensi kamili. Barua hufunguliwa kwa "Dear Sir", kubwa mbili, kwa sababu "Sir" amekalia kiti cha jina. Hufungwa kwa "Yours faithfully", kubwa moja. Wanaoandika "Yours Faithfully" ni wengi mno, na nilikuwa mmoja wao.

Sasa hiyo "I". Wageni wengi wa Kiingereza hudhani ni majivuno, kwamba Mwingereza amejipandisha yeye na kumwacha "you" chini. Kisa chenyewe ni cha kawaida kuliko hivyo. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "ic". Karne zilivyopita konsonanti ya mwisho ilidondoka, ikabaki "i" moja pekee. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwenye maandishi ya mkono kijiti kimoja kilichosimama peke yake kilikuwa kikimezwa na maneno ya jirani, waandishi wakakirefusha ili kionekane. Wajerumani ndio waliofanya kinyume: "ich" yao, yaani mimi, huiacha ndogo, na "Sie", yaani wewe wa heshima, huipa kubwa. Kwao basi, katika neno hilo moja, herufi kubwa kweli ni heshima. Kwa Kiingereza ni dawa ya macho.

Turudi kwenye jina na aina. Chukua mto. "River" ni aina, mito iko mingi duniani. "The River Thames" ni jina, na neno la mto limeingia ndani ya jina lenyewe, likapata kubwa. Sentensi inayofuata ukisema "the river" umeacha jina, umerudi kwenye aina, na kubwa inaondoka hata kama msomaji anajua fika kwamba ni Thames ile ile. Hivyo hivyo "the University of Oxford" na kisha "the university". Hapa ndipo wahariri na wakubwa wa maofisi hugombana, kwa sababu mkubwa akiona "the company" kwa herufi ndogo anahisi kampuni imevunjiwa hadhi. Huwa nawaeleza kwamba msomaji wa Kiingereza akikutana na "our Company, our Team and our Valued Customers" haoni hadhi. Anaona tangazo la biashara.

Mikataba ina ruhusa yake. Mwanasheria akiandika "the Buyer" ukurasa mzima, ameshatangaza mwanzoni kwamba kuanzia hapo neno hilo ni jina la mtu fulani aliyetajwa. Amelibatiza, na ubatizo ni halali. Taabu huanza desturi hiyo ikihamia kwenye barua pepe ya kuitana kikaoni.

Vyeo navyo hufuata mkondo huo. "President Lincoln" ina kubwa mbili kwa sababu cheo kimegandana na jina, vimekuwa kitu kimoja. Lakini "Lincoln was elected president in 1860" ni ndogo, kwa kuwa urais hapo ni kazi, na kazi ni aina. Najua hili linauma. Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Lincoln mwenyewe hapungukiwi chochote.

Kwa ndugu wa damu kuna kipimo ninachokipenda. Pale penye neno la undugu, weka jina la mtu uone kama sentensi inasimama. "I asked Mother" hugeuka kuwa "I asked Rose", inasimama, basi "Mother" ni jina na inapata kubwa. "I asked my mother" ingegeuka kuwa "I asked my Rose", inachechemea, basi ni ndogo. Sekunde mbili tu, na hutakosea tena maishani.

Dira ya kaskazini na kusini inataka utulivu kidogo. "Drive north" ni kuelekea upande, ndogo. "The North" ni eneo lenye watu na historia, kubwa. "Northern Europe" waandishi wengi huiandika "northern Europe", kwa sababu hakuna mpaka wala bendera ya Ulaya ya kaskazini. Ni maelezo ya mahali. "Northern Ireland" ni kubwa zote mbili, kwa kuwa ni jina rasmi. Ukitaka kujua kama mfasiri yuko macho, mpe "southern Africa" na "South Africa" katika aya moja.

Magonjwa yananifurahisha. Kwa nini "malaria" na "cholera" ni ndogo, lakini "Ebola" na "Zika" ni kubwa? Si kwa ukali wa ugonjwa. Ebola ni mto wa Kongo, na ugonjwa ulipewa jina hilo ulipotambuliwa mwaka 1976. Zika ni msitu wa Uganda ambako virusi vyake viligunduliwa mwaka 1947. Majina ya mahali yamebeba kubwa yao hadi hospitalini. "Malaria" ilitoka kwenye maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, na hewa mbaya haina jina. Ugonjwa wa Parkinson huandikwa "Parkinson's disease": daktari ana kubwa, ugonjwa hauna.

Majina haya huchakaa lakini. Neno "boycott" lilitokana na Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Ireland, ambaye mwaka 1880 majirani walikataa kumfanyia kazi, kumuuzia vitu na hata kumsemesha. Leo neno lake limekuwa kitenzi cha kila mtu na kubwa imemtoka. "Pasteurize" nayo imemsahau Louis Pasteur. Lakini "Victorian" bado inamkumbuka malkia. Hakuna kanuni itakayokuambia jina litachakaa lini. Kamusi ndiyo itakayokuambia kama limeshachakaa.

Niliahidi kusema pale swali langu linapokwama. Linakwama kwenye kalenda. "Monday" na "January" huandikwa kwa kubwa, "spring" na "winter" kwa ndogo, na sijawahi kusikia hoja ya kunitosheleza kwa nini Januari iwe jina na majira ya baridi yawe aina, wakati vyote hurudi kila mwaka. Wafaransa huandika "lundi" na "janvier" kwa ndogo na dunia haijawaangukia. Hapa tunakariri, hatufikiri. Masomo ya shule yana mtego wa karibu na huo: "history" na "chemistry" ni ndogo, "English" na "French" ni kubwa siku zote, kwa sababu lugha zimetajwa kwa majina. Sisi tunaoandika Kiingereza kwa K kubwa hatuna kisingizio cha kulikosea hili.

Kuna msikilizaji atakayesema: mbona nimesoma hati za zamani za Kiingereza na kila nomino ina kubwa? Umesoma sawasawa. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inaanza "We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union". Tazama "Order" hapo, hata mpangilio umepata kubwa. Katika karne ya 17 na ya 18 ndivyo Waingereza na Wamarekani wengi walivyoandika, kila mmoja na kipimo chake, nomino nzito zikinyanyuliwa, wakati mwingine hata nyepesi. Desturi ikafifia kufikia mwanzo wa karne ya 19. Wajerumani walibaki nayo na wanayo hadi leo kwa nomino zote. Wadenmark walikuwa nayo wakaifuta kwa mageuzi ya tahajia ya mwaka 1948. Kwa hiyo anayeandika "Justice and Development" leo ana ukoo mrefu nyuma yake, ila amevaa nguo za babu wa babu yake.

Na tukumbuke kwamba jambo lenyewe si la lazima kwa binadamu. Kiarabu hakina herufi kubwa, Kiebrania hakina, Kihindi hakina. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi, tenzi ndefu zikasomwa na kuimbwa, na hakuna aliyelalamika kwamba hajui sentensi inaanzia wapi.

Kwenye sayansi, hata hivyo, herufi hizi huacha kuwa suala la mtindo. Zinakuwa suala la usalama. Herufi "mW" ni miliwati, sehemu moja ya elfu ya wati. "MW" ni megawati, wati milioni moja. Tofauti kati yake ni mara bilioni moja, na imeshikiliwa na ukubwa wa herufi moja. "Co" ni kobalti, metali ya kushikika mkononi, na "CO" ni gesi inayoua watu usingizini. Vipimo vilivyopewa majina ya wanasayansi vina kanuni inayowachanganya hata wahandisi: jina likiandikwa kwa ukamilifu ni ndogo, "newton", "watt", "joule", ila alama yake ni kubwa, N, W, J. Mtu ni Newton, kipimo ni "newton", na kwa kuwa newton ziko nyingi zimekuwa aina. Swali langu linapita hapo bila kukwaruzwa.

Lita iliwaletea shida. Haikuitwa kwa jina la mtu yeyote, basi alama yake ilikuwa "l" ndogo, na "l" ndogo inafanana mno na tarakimu moja. Mwaka 1978 mhadhiri mmoja wa Kanada alitunga kwa mzaha wasifu mzima wa bwana aitwaye Litre, ili kubwa ipate mwenyewe. Baadhi ya watu waliuamini. Mwaka uliofuata mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliruhusu "L" itumike sambamba na "l", bila kuhitaji bwana yeyote.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo. Nimesema herufi kubwa si heshima. Kuna watu walioipigania kwa miaka mingi kama heshima, na walikuwa na haki.

Mwaka 1899 W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alitoa utafiti wake juu ya watu weusi wa Philadelphia. Wakati huo magazeti na vitabu vingi vya Marekani viliandika "negro" kwa n ndogo. Du Bois akaeleza kwamba yeye ataiandika kwa kubwa, kwa kuwa anaamini Wamarekani milioni nane wanastahili herufi kubwa. Madai hayo yaliendelea, barua kwa barua, mhariri kwa mhariri, hadi mwaka 1930 gazeti la The New York Times lilipotangaza kuanza kuandika "Negro" kwa N kubwa. Miaka 31 ilikuwa imepita, kwa ajili ya herufi moja.

Itazameni hoja yake vizuri. Waitaliano walikuwa na kubwa, Waairishi walikuwa nayo, na waliipata bila kuomba kwa sababu kila mtu alikubali kwamba hayo ni majina ya watu fulani. N ndogo ilikuwa inasema kwamba hawa ni rangi tu, ni aina. Du Bois alikuwa anadai kwamba ni jina. Heshima ilifuata humo humo, kwa kuwa kuitwa kwa jina ni heshima na kutajwa kama aina si heshima. Neno lenyewe baadaye lilizeeka na kuachwa, na mjadala ukajirudia kwa neno lililochukua nafasi yake. Juni 2020 shirika la habari la Associated Press liliamua kuandika "Black" kwa kubwa linapowataja watu, na mwezi uliofuata likasema "white" itabaki ndogo. Kuna waliopinga kila nusu ya uamuzi huo, na mtawakuta wahariri makini pande zote. Mimi nafuata kubwa kwa "Black". Rangi ya gari langu bado ni "black".

Kuna aliyeitumia haki hiyo kwa kinyume. Mwandishi Gloria Jean Watkins aliamua kujiita bell hooks, kwa herufi ndogo zote, akitaka macho yaende kwenye mawazo yake kabla ya kwenda kwake. Jina la mtu ni la mwenyewe. Akilitaka dogo, liandikeni dogo.

Vichwa vya habari na majina ya vitabu nitapita haraka, kwa sababu hapo wenye lugha wenyewe hawaelewani. Wengi hukubali kwamba neno la kwanza na la mwisho ni kubwa, nomino, vitenzi na vivumishi ni kubwa, na "a", "the", "and" katikati ni ndogo. Wanagawanyika kwenye vihusishi. Katika majina ya vitabu, Associated Press hunyanyua neno lolote la herufi nne au zaidi, kwa hiyo "With" na "From" ni kubwa. Mwongozo wa Chicago, kitabu cha kanuni za uandishi kinachofuatwa na wachapishaji wengi wa Marekani, ulishikilia muda mrefu kwamba kihusishi ni kidogo hata kiwe kirefu namna gani, na katika toleo lake la mwaka 2024 ukalegeza kamba kwa vile vya herufi tano na kuendelea. Chagueni mmoja mshikamane nao. Ninachowasihi mkiangalie ni "Is". Kwa kuwa ni kifupi watu hukiacha kidogo pamoja na "in" na "of". "Is" ni kitenzi, na kitenzi ni kubwa hata kiwe na herufi mbili. Wengine, hasa magazeti ya Uingereza, wameuacha mzozo wote: neno la kwanza kubwa, majina makubwa, basi. Ningekuwa na uwezo ningewafuata.

Miongozo pia hubadilika na lugha. "Internet" iliandikwa kwa kubwa miaka mingi, kana kwamba ni mahali. Mwaka 2016 Associated Press iliishusha ikawa "internet", sawa na redio na simu. Ilikuwa jina, ikawa aina. Mwaka huo huo, mwezi Mei, idara ya hali ya hewa ya Marekani ilianza kuacha kuandika taarifa zake kwa herufi kubwa tupu. Ilikuwa inafanya hivyo tangu enzi za teleprinta, mashine za kutuma maandishi kwa waya, ambazo hazikuwa na herufi ndogo, na mashine zilikuwa zimekufa zamani huku kelele zikibaki. Ukurasa mzima wa herufi kubwa husomeka kama mtu anayefoka, na akija kufoka kweli hakuna atakayetambua.

Kabla sijapanda hapa mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza habari za Mungu: je, "he" na "his" zinazomrejelea ziwe kubwa? Nilimwomba anisubiri nijibu mbele ya wote. "God", anapotajwa kama jina, ni kubwa, na "gods" wa hadithi za Wagiriki ni ndogo, hilo linafuata kanuni yetu. Viwakilishi ni uchaguzi wa mwandishi au mchapishaji. Wapo wanaoviandika kwa kubwa kwa unyenyekevu. Lakini Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 iliviacha vidogo, na sidhani kuna anayewatuhumu wafasiri wale kwa kukosa uchaji. Ukiamua kubwa, mzee wangu, ibaki kubwa hadi ukurasa wa mwisho, maana "He" akigeuka "he" katikati ya aya msomaji atadhani ameingia mtu mwingine.

Kipaza sauti kiko pale kwenye ujia. Mwenye sentensi inayomsumbua ailete, tuisome pamoja.